Alama ya Dola Mbele ya Herufi K

Jumapili iliyopita nilikuwa nikipanga hesabu za kikundi chetu kwenye kompyuta, mwanangu akiwa ameniegemea begani, akaniuliza: "Mama, mbona unaandika dola na hapo hakuna pesa?" Kidole chake kilikuwa kimegusa sehemu ya juu ya skrini, kwenye mstari wa fomula, yaani agizo la hesabu, palipoandikwa $K$1. Nilimjibu kwa kifupi kwamba alama ile huizuia fomula isihame inaponakiliwa, naye akaridhika, au pengine alichoka kusubiri maelezo marefu, akaenda zake. Mimi sikuridhika. Swali lake lilinirudisha kwenye maabara ya kompyuta ya shule niliyokuwa nikifundisha, kwa darasa moja la kidato cha tatu ambalo wanaonifahamu wamekwisha kunisikia nikilitaja, na kwenye kipindi kimoja cha mchana ambacho sijapata kukisimulia chote.

Mwanzo wa mwaka ule tuliupitia haraka. Wanafunzi waliketi watatu kwa kompyuta moja, wakapokezana kipanya, wakazoea kibodi hadi vidole vyao vya shahada vikajua kurudi vyenyewe kwenye vituta vidogo vya herufi F na J bila macho kushuka. Vitabu tulivyokuwa navyo viliandikwa kabla ya mwaka 2007, mwaka ambao Microsoft iliondoa menyu za zamani katika programu zake za ofisi na kuweka utepe wa vitufe juu ya ukurasa, kwa hiyo watoto walikuwa wakikariri majina ya menyu ambazo kwenye skrini zao hazikuwapo tena. Tulipofika kwenye uandishi wa barua, karibu wote waliisukuma anwani upande wa kulia kwa kugonga kitufe cha nafasi mara nyingi. Barua ya namna hiyo huonekana nadhifu kabisa. Ukibadilisha ukubwa wa herufi tu, mistari ya anwani hutawanyika, kila mmoja na njia yake, na hapo ndipo mtu hugundua kwamba ukurasa ule haukuwa umepangwa. Ulikuwa umefanana tu na ukurasa uliopangwa. Wakati ule sikujua kwamba jambo hilohilo lingenirudia katika sura nyingine, tena zito zaidi, tulipoanza lahajedwali, yaani programu ya majedwali ya hesabu.

Zoezi lenyewe lilikuwa la kawaida: kutengeneza jedwali la alama za darasa zima. Majina katika safu A, masomo matano kuanzia safu B hadi F, jumla katika safu G, na asilimia katika safu H. Niliwaachia wafanye wenyewe, nami nikazunguka.

Kwenye meza ya nyuma aliketi kijana mmoja ambaye daima alikuwa wa kwanza kumaliza. Jedwali lake lilikuwa zuri kuliko yote: vichwa vya safu vimekolezwa, tarakimu zimejipanga upande mmoja, mipaka imechorwa kwa uangalifu, na safu ya jumla imejaa kutoka mwanafunzi wa kwanza hadi wa mwisho. Pembeni mwa kibodi kulikuwa na kikokotoo. Alikuwa amejumlisha alama za kila mtu kwa kikokotoo, kisha akaziandika jumla hizo, moja baada ya nyingine, ndani ya mashine ambayo kazi yake ni kujumlisha.

Nilivuta kiti nikaketi karibu naye. Sikumwambia kwamba amekosea, kwa sababu hakuna jumla hata moja iliyokuwa na kosa. Nilimwambia: "Mwanafunzi wako wa kwanza amekata rufaa. Alama yake ya historia si 45, ni 54. Mrekebishie." Akabofya kile kisanduku, akaandika 54, akabonyeza Enter. Tukatazama wote wawili. Jumla ilibaki 336.

Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye kikokotoo.

"Subiri," nikamwambia. "Aliyekosea ni nani hapa, wewe au kompyuta?"

Alifikiri. Nakumbuka alivyokuwa akisugua ukingo wa kikokotoo kwa kidole gumba huku akiitazama ile 336, tarakimu ambayo dakika chache nyuma ilikuwa sahihi na sasa ilikuwa uongo, ingawa hakuna aliyeigusa. Kisha akasema: "Hakuna aliyekosea, Mwalimu. Mimi bado sijaiambia."

"Na utaiambia mara ngapi?"

Akashusha macho kwenye orodha ya majina. Hakunijibu, nami sikuhitaji jibu. Nilimwelekeza afute ile 336 na kuandika mahali pake =SUM(B2:F2), yaani jumlisha visanduku vya mstari wa pili kuanzia safu B hadi F. Alipobonyeza Enter, ikatokea 345. Sasa bila kuambiwa akairudisha historia kuwa 45, jumla ikashuka hadi 336. Akaandika 100, ikapanda hadi 391. Akaandika sifuri, ikawa 291. Wenzake wawili walikuwa wamekwisha kusogeza vichwa, na mmoja wao akamwomba ajaribu alama isiyowezekana, 1000, jumla nayo ikaongezeka kwa utiifu uleule. Nimeona watoto wakifurahia michezo ya kompyuta yenye picha na sauti za kila aina, lakini furaha ile ya kubadilisha tarakimu moja na kuona nyingine ikifuata ilikuwa ya aina yake, kwa sababu walijua ni wao walioifunga tarakimu moja kwa nyingine.

Nikaona hapo ndipo pa kusimamisha darasa zima na kuwasimulia habari za Dan Bricklin. Mwaka 1978 alikuwa mwanafunzi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, akimtazama profesa wake akijaza jedwali la hesabu ubaoni. Kila profesa alipotaka kurekebisha tarakimu moja, alilazimika kufuta na kuandika upya zote zilizotokana nayo. Bricklin akawaza juu ya ubao ambao ungejirekebisha wenyewe, na pamoja na Bob Frankston, aliyeiandika programu yenyewe, wakatoa VisiCalc mwaka 1979 kwa ajili ya kompyuta ya Apple II. Watu wengi walinunua kompyuta ile kwa sababu ya programu hiyo tu. Niliwaambia wanafunzi kwamba kila jedwali wanalolifungua leo, liwe la Excel au la programu nyingine, ni mjukuu wa ule ubao, na kwamba mtu anayeandika jumla kwa mkono ndani yake anamrudisha yule profesa kwenye chaki na kifutio.

Nilidhani somo limefika mwisho wake. Kumbe lilikuwa halijafika hata nusu.

Zilibaki asilimia. Alama za juu kabisa kwa masomo matano ni 500, nasi tuliiandika tarakimu hiyo mara moja tu, katika kisanduku K1, yaani safu K, mstari wa kwanza, ili isichanganyike na alama za watu. Kijana yule aliandika katika H2 fomula =G2/K1, akapata asilimia 69 kwa mwanafunzi wa kwanza, hesabu safi. Akashika kile kimraba kidogo kilicho pembeni mwa kisanduku, akakivuta chini hadi jina la mwisho, akaachia. Safu nzima ikajaa #DIV/0!, kuanzia mwanafunzi wa pili hadi wa mwisho, kila kisanduku kikilalamika kwamba kimeambiwa kigawanye kwa sifuri.

Darasa lilinyamaza. Meza nyingine nazo zilikuwa zimefika palepale na kupata yaleyale, na nyuso zote zikanigeukia zikisubiri nitaje kitufe cha kubonyeza. Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Sijui ni nini kilichonifanya nilizuie. Labda ni kwa vile kijana yule peke yake hakugeuka. Yeye alikuwa amebofya kisanduku H3 na alikuwa akisoma kilichoandikwa juu, midomo ikicheza bila sauti. =G3/K2. Akabofya H4. =G4/K3. Akabofya cha tano, kisha akarudi juu kabisa kwenye H2 kana kwamba amesahau kitu njiani.

"Imeshuka na K," akasema.

Nikamwomba aseme kwa sauti ili wote wasikie.

"Nilipoandika K1, mimi nilimaanisha K1. Yenyewe ilielewa: nenda safu tatu kulia, panda mstari mmoja. Sasa kila ikishuka inahesabu hatua zilezile kutoka pale ilipo. Kwa hiyo mtu wa pili anagawanywa kwa K2, na K2 haina kitu."

Sikuwahi kuyatamka maneno hayo darasani. Hayakuwa kwenye kitabu chetu. Ndivyo hasa programu ya lahajedwali inavyofanya kazi: rejea ya kisanduku, usipoiwekea alama yoyote, ni umbali wa kutoka hapa hadi pale, na ndiyo sababu ile fomula ya jumla ilinakilika vizuri kwa kila mtu, maana kila mmoja alihitaji kujumlisha visanduku vitano vilivyo kushoto kwake. Jambo lililotusaidia katika safu G ndilo lililotuharibia katika safu H. Msichana wa meza ya mbele akapendekeza tuijaze safu K yote tarakimu 500 hadi chini, na kwa kweli pendekezo lake lingefanya kazi. Tulilijaribu, makosa yote yakatoweka. Nikamuuliza tufanye nini iwapo mwakani litaongezwa somo la sita na alama za juu ziwe 600. Kabla hajanijibu, kijana wa nyuma akasema: "Tutarudi kwenye kikokotoo."

Hapo ndipo nilipowaonyesha alama ya dola. Moja mbele ya herufi, kuishikilia safu. Nyingine mbele ya namba, kuushikilia mstari. =G2/$K$1. Walivuta fomula chini, asilimia zikatokea zote, kisha nikawaambia waende K1 waandike 600. Safu nzima ya H ikabadilika kwa mara moja katika kila kompyuta iliyokuwa mle, na yule mwanafunzi wa kwanza wa kubuni akashuka kutoka asilimia 69 hadi 57.5. Kengele ililia tukiwa bado tunairudisha 500.

Yaliyofuata yalikwenda mbio: chati, barua za pamoja, kupanga faili ndani ya folda, marudio. Mtihani wa vitendo ulipofika, tulitakiwa kukusanya kazi za wanafunzi zikiwa zimechapwa kwenye karatasi. Nilizipitia kabla ya kuzifunga, nikaona jambo ambalo limenisumbua hadi leo. Karatasi huonyesha majibu. Haionyeshi fomula, isipokuwa mtu aiagize programu izidhihirishe kwanza. Jedwali la aliyefunga kila tarakimu kwa nyingine na jedwali la aliyetumia kikokotoo kwa siri chini ya meza yalitoka kwenye printa yakiwa yamefanana kama pacha, yote yakiwa na 345, yote yakiwa na 69, na yote yakastahili alama kamili. Niliandika barua kuomba kwamba faili zenyewe zikusanywe, na msahihishaji abadilishe tarakimu moja katika kila faili na kutazama iwapo zilizobaki zinafuata. Nilijibiwa kwa adabu kwamba karatasi ndizo zinazohifadhika.

Mwaka uliofuata nilijaribu kuwapitisha wanafunzi wapya katika njia ileile. Niliwaacha wavute fomula, niliwaacha wakutane na safu ile ya #DIV/0!, nikakaa kimya nikisubiri. Hakuna aliyebofya H3 kusoma. Waliniuliza wabonyeze kitufe gani, nikasubiri zaidi, wakauliza tena, na kwa kuwa mtihani ulikuwa karibu niliwaambia ni F4. Wakabonyeza, dola zikajiandika zenyewe, asilimia zikatokea. Nilipobadilisha 500 kuwa 600 kwenye kompyuta zao, safu nzima iliwafuata vilevile kama ilivyomfuata yule kijana. Kwa hiyo hata kile kipimo nilichokipigania katika barua yangu kisingeweza kuwatenganisha. Kazi yao ilikuwa imara, haikuwa kama barua iliyopangwa kwa kitufe cha nafasi, na ofisi yoyote ingewapokea kwa furaha. Ila nilipomuuliza mmoja wao dola ile inafanya nini, alinijibu kwamba inaondoa kosa.

Je, jibu hilo linatosha kwa mtoto wa kidato cha tatu? Kuna siku naona linatosha kabisa, kwa kuwa wengi wetu tunatumia vifaa tusivyovielewa ndani na kazi inakwenda. Siku nyingine nakumbuka midomo ya yule kijana ikisoma =G3/K2, nami nakataa.

Nilipokabidhi maabara, nilimwachia mwalimu aliyenipokea ukurasa mmoja wa maelekezo. Niliandika kwamba kabla ya kutoa alama abadilishe tarakimu moja mbele ya mwanafunzi, kisha amuulize kwa nini zile nyingine zimefuata, na asikilize jibu hadi mwisho. Aliusoma tukiwa tumesimama mlangoni, akaniambia kwamba kwa darasa la wanafunzi arobaini, na vipindi viwili kwa wiki, hana mahali pa kuuingiza muda huo. Tuliyahesabu masaa pamoja, na hesabu yake ilikuwa sahihi.