Sahani ya suuzo la mwisho

Nikiwa mwaka wa tatu chuoni nilipanda basi kutoka Muheza na mfuko wa majani ya muhogo wa mama. Nilikuwa natafuta bakteria wanaoishi ndani ya mmea bila kuudhuru, hasa wanaotoa amilase, kimeng'enya kinachokata wanga kuwa sukari. Viwanda vya nguo hukitumia kuondoa wanga uliopakwa kwenye nyuzi ili zisikatike wakati wa kufuma, waokaji hukitia kwenye unga, na kimo hata kwenye sabuni za unga. Nilijiambia: muhogo si wanga mtupu? Basi lazima umefuga mafundi. Kumbe wanga wenyewe uko kwenye mizizi, na mimi nilibeba majani.

Ukitaka wa ndani, kwanza uwaue wa nje. Unaosha jani, unalitia kwenye spiriti ya asilimia 70, kisha kwenye jiki, halafu unalisuuza kwa maji safi yasiyo na kijidudu hata kimoja. Ndipo unalisaga na kupaka rojo lake kwenye sahani ya agari, jeli ya kuoteshea bakteria, yenye wanga. Maji ya suuzo la mwisho nayo yana sahani yake, na humo hakitakiwi kuota kitu.

Siku ya pili nikamwaga iodini. Sahani zikawa bluu nyeusi, ila kuzunguka makoloni 11, yaani marundo ya bakteria walioota, palibaki maduara meupe, wanga umeshaliwa. Nilipiga picha nikamtumia dada kabla hata sijanawa mikono.

Fundi wa maabara, mzee mpole aliyekuwa akituita wote wanangu, akainama akatazama.

"Hongera, mwanangu. Na ile ya suuzo?"

Sikuwa nimeitazama. Nikaifuata kwenye inkubeta, kabati la joto la kuoteshea. Imejaa! Makoloni yaleyale, mapana, kingo zimechanikachanika.

"Hilo ni vumbi la shambani kwenu," akasema, akaondoka zake.

Baadhi ya bakteria, kama jamii ya Bacillus, hujifungia kwenye spora ngumu ambazo spiriti haiziwezi. Jiki huziua ikipewa muda, lakini mimi niliiogopa isije ikapenya jani, nikaipa nusu dakika tu. Wiki nzima ikaenda na maji.

Safari ya pili niliacha jani kwenye jiki dakika tatu. Sahani ya suuzo ikabaki tupu. Kwenye rojo yakaota makoloni manne, na moja tu likawa na duara, jembamba kama uzi. Hilo ndilo nililoandikia ripoti.

Likizo nikamweleza mama.

"Kwa hiyo hao wadudu wamo ndani ya kisamvu tunachokula?"

"Ndiyo, mama. Hata ukikiosha hawatoki."

Akaendelea kutwanga. "Mimi nakichemsha kutoa sumu," akasema, "na wao wataivia humohumo."