Tarehe ya Ndege Mvumaji

Hapa Raleigh, North Carolina, ndege wavumaji hurejea mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, na mwaka huu dume wa kwanza amefika uani kwetu tarehe 27 Machi, mialoni ikiwa bado haijafunua majani yake vizuri. Nimeiandika tarehe hiyo kwenye daftari ninaloliweka jikoni, kwa kuwa kadiri miaka inavyokwenda ninazidi kuona kwamba kalamu ina faida kubwa kuliko chupa ya maji ya sukari niliyoitundika nje.

Msomaji aliye Tanga au Mombasa amfikirie chozi tunayemwona kwenye maua ya migomba. Wanafanana kwa udogo, kwa mng'ao na kwa kupenda maji matamu ya maua, lakini hawana undugu wa karibu. Ndege wavumaji siku hizi wanapatikana katika mabara ya Amerika pekee, ingawa mabaki ya jamaa zao wa kale, yenye umri wa miaka milioni 30 hivi, yamechimbuliwa Ujerumani, jambo ambalo hadi leo linanistaajabisha. Zaidi ya hayo, chozi kwa kawaida hutua ndipo anywe, ilhali huyu husimama hewani, akipiga mbawa zake takriban mara 50 kwa sekunde, na akishiba hurudi kinyumenyume.

Aina inayozaliana huku kwetu ni ile yenye koo jekundu. Dume wetu alipoikaribia chupa, koo lake lilionekana jeusi kama masizi. Alipogeuza shingo kidogo kuelekea jua likawaka jekundu, kisha likazimika tena. Wekundu huo hautokani na rangi iliyomo ndani ya unyoya bali na namna unyoya wenyewe ulivyoumbika, kiasi kwamba mwanga usipogonga kwa pembe inayofaa hauonekani kabisa. Ndege mwenyewe ana uzito wa gramu 3 hivi. Hata hivyo, ndege wa aina yake hukaa Meksiko ya kusini na Amerika ya Kati wakati wa baridi, hujaza mafuta mwilini hadi wengine wanakaribia kuongezeka uzito maradufu, na wengi wao huivuka Ghuba ya Meksiko, safari ya kilomita 800 hivi, bila mahali pa kutua. Madume hutangulia ili wawahi maeneo. Majike hufuata baadaye.

Majirani huamini kwamba chupa zetu ndizo zinazowaita, na wengine huziondoa mapema kila vuli wakihofu kuwachelewesha kuondoka. Ukweli ni kwamba kinachowasukuma safarini ni kubadilika kwa urefu wa mchana. Chupa inamfaa aliyekwisha kufika, hasa asubuhi za baridi ambapo maua bado ni haba, naye ametoka katika usingizi mzito wa usiku unaoshusha joto la mwili wake ili asimalize akiba. Kipimo ni kikombe kimoja cha sukari nyeupe kwa vikombe vinne vya maji, bila asali na bila rangi, na chupa ioshwe kila baada ya siku chache. Mengine huyapata mwenyewe: hula visubi na buibui, na hunywa utomvu kwenye vitundu ambavyo kigong'ota huvitoboa katika magome ya miti.

Ninarudi kwenye daftari. Kuanzia miaka ya 1880 watu wa kujitolea huku Marekani waliandika kwenye kadi siku walipowaona ndege wahamao kwa mara ya kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulilinganisha kumbukumbu za 1880 hadi 1969 na zile za 2001 hadi 2010, ukaonyesha kwamba wavumaji wenye koo jekundu sasa hufika siku 11 hadi 18 mapema zaidi, kutegemea latitudo. Hakuna mtaalamu ambaye angeweza kuijua tofauti hiyo peke yake. Ilitoka kwa wakulima, walimu na watu wengine waliotazama nje na kuandika. Linalonitia wasiwasi ni kama maua nayo yanauharakisha mwendo kwa kiwango hicho hicho, na kwa hiyo mwaka huu ninaandika pia siku ambayo maua mekundu yanayotambaa kwenye uzio yatafunguka, na siku jike wa kwanza atakapofika, kila moja katika safu yake.