Edna May na kitundu cha pini

Jana binti yangu kaikuta ile kadi yangu ya sigara yenye picha kwenye albamu ya harusi, kaja mbio, "Mama, huyu shangazi wa nani?" Jamani, huyu ni Edna May, muigizaji wa jukwaani wa zamani, na usingizi wote ukaniruka nikaanza kuikumbuka siku niliyompata.

Ilikuwa Jumamosi, Portobello Road, London, enzi zile bado naishi na da Rehema. Baridi kali, tushanunua mapazia tunarudi zetu, nikamuona mzee na meza imejaa kadi za sigara, vile vikadi vya picha vilivyokuwa vinatoka ndani ya pakiti. Wengi wakisikia kadi hizo wanafikiria wanamichezo tu, kumbe mastaa wa jukwaani walikuwepo tangu mwanzo. Huko Marekani, karne ya 19, kampuni kama Allen & Ginter ya Richmond zilikuwa zinatia kikadi kigumu ndani ya pakiti maana pakiti zilikuwa karatasi laini na sigara zinapondeka, basi wakaona heri waweke na picha ya muigizaji hapo, mteja akimpata mmoja atarudi kumtafuta mwingine. Uingereza nako Ogden's wa Liverpool wakaja na kadi za sigara zao za Guinea Gold, hizo ni foto kabisa, na watoto wa mjini wakawa wanawaomba wavutaji mitaani wawape kadi.

Mzee akanichomolea moja. Ukubwa wa kiberiti, pembe zimelika, rangi imeanza kuwa ya chai. Mdada kagawa nywele katikati, shingo ndefu, macho yametulia kabisa kama hana haraka na mtu. Nikaigeuza kwenye mwanga na hapo juu, karibu na nywele, nikaona kitundu kidogo cha pini, kina kutu pembeni. Yani mtu alimtundika ukutani! Nilisimama pale na kile kitundu mpaka da Rehema akanivuta mkono, tunachelewa basi.

Edna alitoka Syracuse, New York, 1898 akaiteka London yote, 1907 akaolewa na milionea akaachana na jukwaa. Na huyo aliyempigilia pini huenda hata mlango wa ukumbi hakuwahi kuuvuka, staa wake alikuja na moshi wa baba. Mimi nikasema yale yalikuwa mapenzi ya kweli, da Rehema akasema wapi, ile ni biashara ya tumbaku tu, wamemuuzia mtoto sura ya mtu. Tulibishana mpaka tunashuka kwenye basi, na mpaka leo nikimpigia simu nikamtaja Edna, tunaanza upya.