Yungiyungi langu na nyuki waliozama

Viazi vya yungiyungi, ua la majini, nilivipata Januari, kwenye majaruba ya mpunga nje kidogo ya mji wa Tabora. Mkulima alikuwa akiyang'oa mayungiyungi na kuyarundika tutani, kwani kwake ni magugu. Nikamwomba kiazi kimoja, akanipa vitatu.

Hapa nyumbani Ipuli nina mizinga miwili ya nyuki wadogo, wale wasiouma, na bustani ninayoilima kwa ajili yao: alizeti, mirehani ninayoiacha ichanue. Kilichokosekana ni maji. Kiangazi cha Tabora ni kirefu, na inafika mahali nyuki wanagombea tone la bomba linalovuja.

Nikakata pipa la plastiki nusu, nikatia udongo mweusi wa mbugani bila samadi, maana samadi inageuza maji kuwa kijani. Kiazi nikakifukia kichwa kikichungulia. Maji nilianza na kina cha kiganja, nikawa naongeza kadiri majani yalivyopanda. Pipa liko juani kutwa. Nikatia na perege wadogo wawili ili wale viluwiluwi vya mbu. Bila hao nisingethubutu kuweka maji yaliyotuama karibu na chumba cha watoto.

Ua la kwanza lilikuwa la samawati, moyo wake njano. Asubuhi likafunguka, nikaenda kuchungulia: nyuki watatu wamekufa katikati yake. Niliumia sana. Mawazo yalikwenda moja kwa moja kwa jirani anayepulizia nyanya dawa, na nilishavaa kandambili niende kumuuliza. Nashukuru sikwenda. Kesho yake, ua lile lile, nyuki waliingia na kutoka salama, miguu imejaa chavua.

Nikaanza kufunga uzi kwenye vikonyo ili nijue umri wa kila ua. Ikawa hivyo kila mara: siku ya kwanza katikati ya ua pana majimaji, na chavua yake bado. Mdudu anayetoka kwenye ua kubwa zaidi kwa umri akitumbukia humo, chavua aliyobeba inaoshwa na kubaki, ua linachavushwa. Wengine hujinasua, mdogo aliyechoka huzama. Siku ya pili na ya tatu majimaji hayapo, chavua ni tele. Yungiyungi langu sijaling'oa. Wanaotoka na mzigo ni wengi mno kuliko wanaobaki.

Ua likishamaliza siku zake, kikonyo hujikunja na kulivuta chini ya maji, tunda likomae huko. Matunda mawili niliyafunga kipande cha chandarua kikuukuu, kwa sababu yakipasuka mbegu huelea na kutawanyika. Juzi moja limepasuka. Mbegu ziko kwenye chupa ya maji dirishani, na nusu yake nitampelekea yule mkulima. Pembeni ya jaruba lake kuna shimo asilolilima, na amekubali.