Kichupa cha kimeng'enya na barafu ya Deep Sea

Kichupa kilipofika Tanga nilidhani nimetapeliwa. Nilikiinua dirishani, nikakigeuza huku na huku, sikuona kitu. Mikrogramu 10 za kimeng'enya kilichokaushwa, protini inayoharakisha kazi za kemia mwilini, ni kama ukungu ulioganda kwenye plastiki.

Ilikuwa asetilikolinesterasi ya ubongo wa binadamu, inayokata asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye maungio ya neva, maelfu ya molekuli kwa sekunde moja. Mama aliposikia neno "ubongo" aliacha kukuna nazi. "Wa nani huo?" Nikamweleza kwamba hakuna aliyepasuliwa kichwa: jeni ya binadamu hupandikizwa kwenye chembe hai zinazofugwa maabara, nazo ndizo zinazotengeneza protini yenyewe. "Haya," akasema, "ila usikilete humu ndani."

Ningeweza kutumia ile ya bei nafuu inayotolewa kwa samaki wa umeme wa Amerika Kusini. Lakini swali langu lilihusu watu. Bibi yangu wa Muheza ana majani anayowachemshia wazee wanaosahau, na dawa za hospitali za ugonjwa wa kusahau kama donepezil hufanya kazi kwa kukizuia kimeng'enya hikihiki. Nilitaka kujua kama majani ya bibi nayo yanakizuia.

Kichupa cha kwanza nilikiua mwenyewe. Nilikifungua bila kukizungusha kwenye sentrifuji, mashine inayozungusha kwa kasi hadi unga ushuke chini, nadhani nusu ya unga ikaondoka na kifuniko. Kilichobaki nilikiyeyusha kwa bafa tupu, maji yanayotunza kiwango cha asidi, nikawa nakigandisha na kukiyeyusha kila siku ya kazi. Siku ya nne hakikufanya chochote.

Cha pili nilikizungusha kwanza. Bafa nikaitia albumini ya ng'ombe, asilimia 0.1, maana protini ikiwa chache hivyo hunata kwenye kuta za plastiki ukabaki unapima maji. Nikakiyeyusha humo, nikakigawa mikrolita kumikumi, kila kijichupa cha siku moja, nikavitia kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kinachotolewa hakirudi.

Kikishatoka kwenye friza lazima kikae kwenye barafu, na mashine yetu ya barafu ilikuwa mbovu, kwa hiyo alfajiri nilishuka Deep Sea, mashua zinapoleta samaki. Muuza barafu akanijazia ndoo. "Samaki wako wapi, dada?" Nikamwambia sina samaki. Akacheka: "Basi una maiti." Nikalipa nikaondoka.

Kipimo chenyewe ni cha Ellman, cha mwaka 1961. Kimeng'enya hupewa asetilithiokolini badala ya chakula chake cha kawaida. Kikiikata, kipande kinachobaki hukutana na kemikali iitwayo DTNB na maji yanageuka manjano. Unasoma manjano hiyo kwa mashine, kwenye mwanga wa nanomita 412. Siku hiyo ilipanda polepole kama juisi ya embe inayomiminwa, nikapiga kigelegele peke yangu.

Kisha nikaweka maji ya majani ya bibi. Manjano ikazidi! Yaani dawa ya kuzuia inachochea? Nilihangaika siku mbili kabla ya kufanya nililopaswa kuanza nalo: kurudia kipimo bila kimeng'enya kabisa. Manjano ikaja vilevile. Maji ya majani yenyewe yana rangi, na ndani yake mna vitu vyenye salfa vinavyoshikana na DTNB moja kwa moja. Ukisahau kuitoa manjano hiyo kwenye hesabu, utaandika uongo kwa nia njema.

Nilipoitoa, majani yalizuia kidogo, tena kwa dozi nzito. Pembeni, kwa kulinganisha, niliweka fisostigmini, kizuizi kinachojulikana, iliyotokana na maharage ya Calabar ya Afrika Magharibi, yale waliyolishwa watuhumiwa kama kiapo cha kupima hatia. Yenyewe ilikizima kimeng'enya kabisa, maji yakabaki meupe.

Bibi sijamwambia. Vimebaki vijichupa 6, na nataka kwanza nijaribu majani mabichi, maana yeye hayakaushi kamwe. Kuyakausha yalikuwa mawazo yangu.