Fimbo tano za udongo mzito

Barua ya halmashauri ilikuja Februari 2016, wakati ambao Leicester haina rangi nyingine ila kijivu. Zamu yangu ilikuwa imefika: nimepewa nusu kiwanja, fimbo tano. Waingereza bado wanavipima vishamba hivi vya kukodi kwa fimbo, kipimo cha mababu zao. Kiwanja kizima ni fimbo kumi, kama mita za mraba 250 hivi, na siku hizi sehemu nyingi hukikata katikati ili foleni isogee. Foleni yenyewe nilikuwa nimeshaisahau. Nilijiandikisha nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa pili, na barua ilipofika huyo mtoto alikuwa anaandika jina lake mwenyewe.

Nikampigia mama, Muheza. Mama yangu amelima maisha yake yote, mahindi na mihogo katikati ya michungwa, na siku nilipopata nafasi ya chuo cha uuguzi alichinja kuku kwa sababu binti yake amelikwepa jembe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umefukuzwa kazi?"

"Hapana mama, kazi naendelea nayo."

"Sasa shamba la nini?"

Nikamweleza kwamba ni la mboga, la kujifurahisha, na kwamba hapa watu wanalipangia foleni. Nikamwambia iko sheria tangu 1908 inayozitaka halmashauri ziwakodishe wananchi ardhi ya kulima, na kwamba wakati wa Vita ya Pili ya Dunia serikali iliwahimiza watu wang'oe hata maua wapande viazi. Habari ya vita aliielewa. Akauliza kuhusu kuku. Nikasema sheria ya 1950 inaruhusu kufuga kuku na sungura huko shambani, ila jogoo haruhusiwi.

"Kuku bila jogoo," alisema, na hakuendelea. Tukahamia kwenye habari za shangazi.

Kiwanja tulikwenda kukiona na baba watoto siku ya mvua. Miiba ya zile beri nyeusi ilikuwa imefika kiunoni. Aliyekuwa nacho kabla yetu aliacha kiti cha plastiki, pipa la maji lililopasuka na zulia kuukuu lililozama kwenye matope. Lile zulia lilinikera kuliko miiba. Watu hulitandaza ili kuua magugu, kisha linaoza na nyuzi zake za plastiki zinabaki udongoni, ndiyo maana sehemu nyingi wamelipiga marufuku. Nilichomeka koleo likaingia nusu likanasa, na nilipolichomoa shimo likajaa maji. Nikachukua donge nikalifinya. Lilibaki na alama za vidole vyangu vyote vinne, laini, linang'aa, la baridi mpaka mfupani. Kwetu udongo ukiufinya hivyo unamomonyoka kiganjani. Huu ulikuwa wa kufinyangia vyungu.

Pale pale ndipo nilipoamua: tutaweka matuta ya mbao. Nyumbani tunapandisha matuta kwa ajili ya viazi vitamu, na kwenye mteremko tunachimba makinga maji ili mvua isikimbie na udongo. Leicester maji hayakimbii. Yanakaa majira yote ya baridi, na udongo uliolowa huchelewa kupata joto, mbegu ikiingia humo inaoza kabla ya kuota. Kwa hiyo unatengeneza fremu ya mbao juu ya ardhi, unaijaza mboji na samadi, maji yanachuja, jua hafifu la Aprili linaupasha udongo mapema, na hakuna mguu unaokanyaga ndani ukaushindilia. Halafu kuna mgongo. Muuguzi anayegeuza wagonjwa kitandani usiku kucha, sentimita 22 za kupunguziwa kuinama ni kitu.

Baba watoto yeye alitaka kukodi mashine ya kulimia, apige kiwanja chote kwa asubuhi moja. Tukaanza kubishana, kwa Kiswahili bila shaka, kwa sauti ya watu wanaoamini hawaeleweki.

"Hiyo mashine hapana leta hapa, bwana."

Tuligeuka. Ng'ambo ya uzio alikuwa amesimama mzee wa Kihindi, kofia ya sufu imefika kwenye nyusi, mkononi kashika mzizi mweupe mrefu mithili ya tambi. Akauvunja vipande vitatu mbele yetu. Kila kipande, alisema, kinakuwa mti wake. Lile gugu la kutambaa ukilipitishia mashine hujaliua, umelipanda upya shamba zima. Baba watoto, ambaye mimi mkewe nilikuwa nimemwambia hivyo hivyo dakika mbili kabla, aliitikia kwa heshima zote.

Mzee alizaliwa Jinja, baba yake karani kwenye kiwanda cha sukari cha Kakira. Alikuwa na miaka kumi na tisa Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 wawe wametoka Uganda, Agosti 1972. Walitua Stansted, wakapelekwa kambini Stradishall, kambi ya zamani ya jeshi la anga huko Suffolk. Habari za Leicester walikuwa wamezipata kabla hawajapanda ndege: Septemba ya mwaka huo halmashauri ya jiji ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, kuwasihi Waasia wasije, nyumba na shule zimejaa.

"Sisi hapana jua Leicester iko wapi," alinisimulia. "Tangazo ndiyo naonyesha sisi."

Alicheka mpaka akashika uzio. Nimewasikia wengine hapa mjini wakiisimulia vivyo hivyo, na sijachoka kuisikia.

Matuta yangu lakini hakuyapenda. Tangu apate kiwanja chake amelima chini, kwa jembe la uma, kila vuli anachanganya samadi na ule mfinyanzi, na sehemu yake kweli ilikuwa imelegea ikawa nyeusi. Mbao kwake zilikuwa pesa za kuchezea. Alinipa hoja mbili, na zote za kweli: ule upenyo kati ya mbao na udongo ni nyumba ya konokono wasio na gamba, na kiangazi kikifika tuta la juu linakauka haraka. Pale kwetu mpira wa kumwagilia hauruhusiwi, ni ndoo na pipa. "Wewe nabeba maji kila jioni, mama. Kama kijijini." Nikamwambia mzee, kijijini ndiko nilikojifunza kubeba.

Mbao tulizinunua kwa fundi wa majukwaa ya ujenzi. Ni zile wanazosimamia mafundi wakiwa juu ghorofani. Zikichoka haziruhusiwi tena kubeba mtu, wanaziachia kwa bei ndogo. Mtu mwingine alitaka kutupa bure mataruma ya reli ya zamani, nikakataa. Yale yamenyweshwa kreosoti, na hapa matumizi ya mbao za kreosoti majumbani yalibanwa kisheria tangu 2003. Harufu yake peke yake inatosha.

Ubao mmoja una urefu wa mita 3.9, upana milimita 225, unene 38. Niliukalia usiku mezani na penseli, na hesabu ilivyotoka nilimwita baba watoto aje aone: kata mita 2.7, kinachobaki ni 1.2 kamili. Mbao mbili, tuta moja, hakibaki hata kipande. Na mita 1.2 ndio upana unaofaa, maana mkono wangu unafika katikati kutoka kila upande bila kupiga goti ndani. Sijui kama waliozipanga mbao hizo waliwahi kufikiria mboga.

Jumamosi ya kazi ilikuwa mwanzoni mwa Machi, kavu, upepo unauma masikio. Ncha za zile mbao zimefungwa utepe wa chuma, kwa hiyo tulianza kuung'oa kwa koleo la fundi ndipo msumeno upite. Tukatoboa kwanza kwa keekee nyembamba, kwani ukikaza skrubu moja kwa moja karibu na ncha mbao kavu inapasuka. Kila kona kigingi. Fremu ya kwanza ilipokamilika tulipima kona hadi kona kwa futikamba, huku na huku. Vipimo hivyo viwili visipolingana, fremu imekaa upande hata kama macho hayaoni. Yetu ilipishana sentimita nne. Mwanangu mkubwa akaisukuma kona kwa goti, baba yake anasoma namba, "bado, bado, rudi, hapo hapo," na mimi nikapigilia kigingi kabla mtu hajapumua.

Kati ya tuta na tuta tuliacha sentimita 60, toroli lipite bila kukwaruza mbao. Chini ya kila fremu tulitandaza maboksi mazito ya friji, tumeyabandua gundi ya plastiki yote, tukayalowesha. Boksi linanyima magugu mwanga, kisha lenyewe linaoza minyoo inalimaliza. Mboji tulinunua, na ndipo unapogundua tuta moja linameza nini: karibu robo tatu ya mita ya ujazo. Lori lilimwaga rundo langoni, na kutoka langoni hadi kwetu njia ni ya kupanda. Hapo sina la kusimulia zaidi ya toroli.

Mchana tulikaa kwenye ukingo wa fremu ya tatu, bado tupu, tukala chapati na maharage ya jana. Mzee akaleta chai ya chupa, tangawizi imemwagwa bila huruma.

Tuta la tatu lingejazwa kwa samadi ya farasi. Kulikuwa na mazizi nje kidogo ya mji, wanaitoa bure ukienda na magunia, na rundo la kwanza lilikuwa tayari limefunikwa turubai. Mzee alilifunua, akanusa, akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimewahi kulisikia Muheza: farasi wenyewe wamekula nini?

Mwaka 2008, alieleza, nyanya zake na viazi vilijikunja majani mithili ya ngumi. Hakuwa peke yake. Wakulima wa vishamba nchi nzima walilia mwaka ule. Chanzo kilikuwa dawa ya magugu, aminopiralidi, inayopuliziwa malishoni. Nyasi zinageuzwa hei, farasi anakula, dawa inapita tumboni mwake bila kuharibika na inatoka na samadi. Mahindi haiyadhuru, lakini jamii ya maharage, viazi na nyanya inaumia vibaya. Dawa hiyo ilisimamishwa kuuzwa mwaka ule ule, baadaye ikarudi kwa masharti. Mwenye zizi mara nyingi hajui, hei ameinunua.

Kipimo chake ni rahisi. Mzee alichukua vyungu viwili, kimoja akajaza mboji tupu, kingine mboji na samadi yangu, akapanda baghala kwenye vyote, akaviweka ndani ya kibanda chake cha vioo. "Jani nakunja, samadi natupa," alisema. Basi matuta mawili tukayapanda: vitunguu, baghala, na miche ya sukuma wiki, ambayo baridi ya hapa inaipenda kuliko jua la kwetu. La tatu likakaa tupu, mbao nne na maboksi yanayolowa mvua.

Katikati ya Aprili alinipungia mkono kutoka kibandani. Vyungu vyote viwili vilikuwa sawa, majani mapana, yamenyooka, hayana mkunjo hata mmoja. Jumamosi hiyo tukaisomba samadi yote na kuchanganya na mboji iliyobaki. Nilikuwa nimelipangia tuta lile mahindi na maboga, maboga kwa ajili ya majani yake, lakini hayo hayapandwi nje kabla ya nusu ya pili ya Mei, jalidi ya usiku mmoja inayamaliza. Nikaliacha lipumzike.

Nikawa na zamu za usiku mfululizo. Niliporudi shambani nilikuta kona moja ya tuta la tatu imechorwa mistari iliyonyooka kwa kamba, na uwatu umeshachomoza, kijani kibichi, umebanana. Kwake uwatu ulikuwa haujaota bado. Mzee alikuwa ng'ambo ya uzio, ameinama, anapalilia mahali ambapo hapakuwa na jani hata moja.