Maji Yasiyo na Moshi

Jumamosi iliyopita, mwendo wa saa nane mchana, kitindamimba alifungua bomba la jikoni anawe mikono. Aliirudisha mbio, akanitazama kana kwamba nimemfanyia mzaha. "Baba, nani amewasha hita?"

Hakuna aliyewasha kitu. Hapa Kisumu hita yetu ni tangi jeusi la plastiki lililoketi juu ya paa likipigwa jua tangu asubuhi. Mwezi huu wa Januari ukitaka maji baridi, damka saa kumi na moja. Nikamweleza hivyo, akaridhika, akaenda zake kucheza. Mimi ndiye niliyebaki kwenye sinki, maji yakipita vidoleni, nikiwaza Molo, kwa mama.

Mama watoto alinitupia jicho mara moja tu akajua. "Tafadhali, usianze ile hadithi ya trela."

Basi naanza.

Ilikuwa Agosti 2016, likizo ya shule, na bado tulikuwa tunaishi Nakuru. Trela, ile nyumba ndogo ya kukokotwa na gari, tuliinunua Gilgil kwa mzee mmoja Mwingereza aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Bei sitaitaja kwa sababu mama watoto husoma hapa, na mpaka leo anaamini ile bei niliyomwambia. Ilikuwa na kitanda, meza inayogeuka kitanda, jiko la gesi la vichomeo viwili, na kitu ambacho hasa ndicho kilichoniuzia: bafu. Bafu lenyewe lilikuwa jembamba kuliko kibanda cha M-Pesa, lakini lilikuwa na bomba lenye alama nyekundu. Mzee aliufungua ule mlango mdogo kwa fahari akasema maji ya moto yapo, na mtambo unafanya kazi vizuri sana. Sikumuuliza mara ya mwisho ulifanya kazi lini.

Aliyezaliwa Nyali, kule Mombasa kwenye joto, hawezi kunielewa. Sisi tuliolelewa Molo, karibu mita 2,500 juu ya bahari, tunaujua ubaridi. Kuna asubuhi unakuta jalidi imekaa kwenye majani ya viazi mfano wa chumvi. Maji kule huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, ndiyo maana githeri ya nyumbani ilikuwa inakaa motoni mpaka mtu asahau alikuwa na njaa. Na kila alfajiri, mama alikuwa ameshaamka, sufuria kubwa iko juu ya mafiga, na sisi watano tunasubiri karai kwa zamu, kuanzia mdogo. Nilipoiona ile alama nyekundu Gilgil, nilijua trela hii itaenda kwanza kwa mama. Ziwa Baringo lingesubiri.

Nilimpigia simu. "Mama, tunakuja na bafu letu."

Alinyamaza kidogo. "Kwani la hapa lina nini, baba?" (Huniita baba kwa sababu nimepewa jina la baba yake. Watu wa nje hushangaa.)

Safari nitaikata. Salgaa nilipita nikisali, malori yakinipigia honi nyuma, Pajero ya kuazima ikihema kwenye mlima wa Sachangwan na trela ikiyumba kama ng'ombe anayepelekwa dipu. Tulifika saa tisa. Nikaiegesha kando ya ua wa kayaba, na kabla sijazima injini watoto wa majirani walikuwa wameshahesabu madirisha.

Mtambo wenyewe, ukiuelezea, ni jambo la mtoto. Nje unaweka pipa la lita 40. Ndani ya pipa unatumbukiza pampu ndogo inayotumia umeme wa betri, volti 12. Ukifungua bomba, pampu inazinduka na kusukuma maji mpaka kwenye tangi la lita 10 lililofichwa chini ya kitanda. Gesi inayapasha moto, yakifika nyuzi 70 hivi inajizima. Hakuna la zaidi.

Nikafungua bomba la alama nyekundu. Pampu ikavuma vizuri, na hakuna kilichotoka. Nikangoja. Pampu ikaendelea kuvuma, pipa likaendelea kupungua, na mama akatokeza kichwa mlangoni kwa jiko lake.

"Baba, mmekuja kunimwagilia nyasi?"

Chini ya trela kulikuwa na kijito. Lita 40 za maji, ambazo vijana wangu walikuwa wamezibeba kutoka kisimani kwa jerikeni, zilikuwa zinaelekea kwenye sukumawiki. Nilitambaa chini ya kitanda nikakuta wenzo mdogo wa manjano umesimama wima. Ni wa kumwagia maji. Kumbe kwao Uingereza trela isipotumika wakati wa baridi ni lazima tangi limwagwe, la sivyo maji yanaganda ndani na kulipasua. Mzee alikuwa amefuata desturi ya kwao kwa uaminifu, hapa hapa Gilgil kwenye jua. Nikaulaza ule wenzo. Vijana wakarudi kisimani bila kunisemesha.

Mara ya pili bomba lilikohoa, likatema hewa, likakohoa tena, kisha maji yakaja kwa utulivu. Hapo ndipo unajua tangi limejaa. Hita ya namna hii haiwashwi ikiwa tupu, utaiua. Hilo nilikuwa nimelisoma, na nililisema kwa sauti ili kila mtu ajue nimelisoma.

Suala la gesi tulikuwa tumelimaliza Nakuru. Regyuleta ya mzee, kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi, haikukaa kwenye mtungi wetu wa kilo 6, na fundi mmoja wa jua kali alitaka kunifungia ile ya presha kubwa wanayotumia wauza chipsi, "ndiyo maji yachemke haraka, mkubwa." Kibandiko cha hita kiliandikwa milibari 30, yaani presha ndogo. Nilikataa, tukafunga ya kawaida, tukapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, hakuna povu lililovimba. Jambo la maana nililofanya mwezi ule mzima ni hilo.

Basi nikabonyeza swichi. Tik-tik-tik-tik. Taa nyekundu.

Nikazima, nikangoja, nikabonyeza tena. Tik-tik-tik-tik. Nyekundu.

Saa kumi na mbili na robo ilikuwa imefika, ukungu umeshuka mpaka kwenye ua, na mimi nimepiga magoti kwenye nyasi nilizozilowesha mwenyewe. Kifungua mimba alikuwa ananishikia tochi. Kwenye ukuta wa nje wa trela kuna kifuniko chenye matundu, ndipo moto unapovuta hewa na kutolea moshi. Nikakifungua kwa bisibisi. Ndani, mahali palipotakiwa kuwa wazi, palijengwa udongo.

Nyigu. Wale wembamba wa kiuno wanaofinyanga matope. Walikuwa wamejijengea vijumba vinne, kimoja kando ya kingine, laini kwa nje kana kwamba mtu alivipitishia kidole chenye maji. Nilivunja cha kwanza kwa spoku ya baiskeli. Kilikuwa kimejaa buibui. Wadogo wadogo, wamekunja miguu, wamepangwa mpaka juu kama viazi kwenye gunia. Binti yangu alisogeza tochi karibu.

"Nani amewaweka hapo?"

"Mama nyigu. Anawawekea watoto wake chakula kabla hawajazaliwa, halafu anafunga mlango na kwenda zake."

"Hawamwoni mama yao kabisa?"

"Hawamwoni."

Aliwaza kidogo. Tochi ikashuka ikamulika magoti yangu. "Sasa umevunja nyumba yao."

Sikuwa na jibu, na mikono ilikuwa imekufa ganzi. Nilivunja cha pili na cha tatu. Cha nne kilikuwa na tundu dogo la duara. Wenyewe walishatoka zamani. Nilikwangua udongo wote nikaupokea kiganjani usiingie ndani, nikapuliza kwa pampu ya baiskeli, nikatema vumbi la buibui. Kutoka jikoni kwa mama ulikuwa unakuja moshi wa kuni, na sauti za watoto, na mlio wa karai likiwekwa chini kwenye saruji. Niliusikia ule mlio bila kuutilia maanani. Nilikuwa nimebandika sikio kwenye ukuta wa trela.

"Bonyeza," nilimwambia mama watoto aliyekuwa ndani.

Tik-tik-tik. Vup.

Halafu ule mvumo. Mdogo, wa kudumu, kama paka aliyeshiba. Hewa ya uvuguvugu ikanigusa shavuni kupitia matundu. Niliganda pale pale nimepiga magoti, na sikutaka kuondoka, kana kwamba nikisimama utazima. Binti aliweka kiganja chake kando ya shavu langu akakiacha hapo. Sijui tulikaa muda gani. Lita kumi huchukua nusu saa hivi, na nadhani sehemu kubwa ya ile nusu saa tuliimalizia hapo.

Nilipoingia jikoni kwa mama kutangaza, niliwakuta wote wameng'ara. Watoto wamepakwa mafuta, wamevaa sweta, wanakunywa chai. Wale vijana wa jerikeni nao walikuwa wameshaoga. Hata mama watoto alikuwa amewekewa maji yake kwenye beseni, yanamngoja. Sufuria ilichemka zamani.

"Ungekuwa bado unachokora kule mpaka usiku," mama alisema. "Watoto wangelala na vumbi?"

Aliyekuwa hajaoga ni mmoja tu, kwa sababu huoga wa mwisho. Tangu nipate akili zangu, huoga wa mwisho.

Nilimshika mkono tukaenda. Nikamwonyesha pa kubonyeza, nikamwonyesha alama nyekundu na ya buluu, nikafunga mlango. Tulisimama nje kwenye baridi, sote, hata watoto wa majirani, tukisikiliza pampu ikivuma, ikinyamaza, ikivuma tena. Mtu wa kuzoea karai haachi maji yatiririke. Nilihesabu, kisha nikaacha kuhesabu.

Akatoka amejifunga leso, miguu inafuka mvuke. Aliinua mkono akaunusa, kwenye kiwiko kwa ndani. Akaunusa tena.

"Haya maji hayana moshi," alisema.

Kisha akaenda kufunika moto wake.

Mama watoto anashikilia kwamba ilikuwa sifa. Dada yangu, aliyelelewa kwa karai lile lile, anasema hapana, yale yalikuwa malalamiko, tena mimi peke yangu ndiye nisiyeyasikia. Mwaka uliofuata nilimuuliza mama mwenyewe, akasema hakumbuki kusema hivyo, na je, nimekula?

Trela iko kwake mpaka leo. Anahifadhia mbegu za viazi. Anasema panya hawaingii. Mara ya mwisho nilichungulia kile kifuniko cha nje nikaona udongo mbichi. Nilitoa bisibisi mfukoni. Nikairudisha.

Jana jioni nilimpigia kumjulia hali, nikamwambia habari ya huku Kisumu, maji yanavyotoka bombani yakiwa moto na hakuna mtu aliyewasha kitu, si kuni, si gesi.

"Yananuka nini?" aliuliza.

Ilibidi niende nikafungue bomba. Nilikinga kiganja, nikanusa.

"Plastiki, mama."

"Aa," alisema.